Ikaiti: fuwele ambayo nusu ya uzito wake ni maji

Toa fuwele ya ikaiti kwenye friza, iweke juu ya kisahani cha kioo, kisha kaa uitazame. Mwanzoni ni angavu, mwanga unapenya ndani yake. Baada ya muda kingo zinafifia na kuwa nyeupe. Weupe unatambaa kuelekea katikati, unyevu unajitokeza chini ya fuwele, na kisahani kinaanza kutuama maji. Ukiondoka ukaenda kwenye shughuli zako na kurudi baadaye, utakuta uji mweupe uliolowa. Hakuna aliyemwaga maji pale. Uji huo ukiukausha na kuupima kwa eksirei, majibu yanasema ni kalsiti, madini yale yale yanayounda mawe ya chokaa na marumaru.

Mtu anaweza kusema imeyeyuka kama barafu. Haikuyeyuka. Barafu ikiyeyuka ni maji, na maji yakiganda tena ni barafu. Kitu ni kile kile. Kalsiti iliyobaki kisahanini, hata ukiirudisha kwenye friza pamoja na maji yake yote, hairudi kuwa ikaiti. Madini ya kwanza yamevunjika, yamezaa madini mengine, na maji yamefukuzwa nje.

Maji hukaa na jiwe kwa namna zaidi ya moja, na mkanganyiko wote kuhusu madini yenye maji unaanzia hapo. Kuna unyevu wa juujuu, ule unaokauka ukilianika jiwe juani. Kuna maji yaliyonaswa katika vitundu vidogo wakati fuwele inakua. Haya unaweza kuyaona kwa darubini yakiwa na kiputo cha gesi ndani yake. Hakuna kati ya hayo mawili kinachoingia kwenye fomula, maana kiasi chake kinatofautiana kati ya fuwele moja na nyingine. Namna ya tatu ndiyo inayotuhusu: molekuli za maji zilizoshika nafasi maalumu katika mpangilio wa fuwele, kwa idadi isiyobadilika, kama matofali ukutani. Hizo ndizo zinazoandikwa baada ya nukta iliyo katikati ya fomula. Ikaiti ni CaCO3·6H2O. Kila kipande kimoja cha kaboneti ya kalsiamu kina molekuli 6 za maji, si 5 wala 7.

Tupige hesabu. Kipimo kimoja cha kikemia cha kaboneti ya kalsiamu kina uzito wa gramu 100 hivi. Molekuli 6 za maji kwa kipimo hicho hicho zina gramu 108. Kwa hiyo katika gramu 208 za ikaiti, maji ni mengi kuliko chokaa yenyewe: karibu asilimia 52. Umeshika kitu kigumu, chenye pembe na nyuso zilizonyooka, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji.

Maji hayo yamekaa wapi? Jibu la uhakika lilipatikana mwaka 1970, watafiti Dickens na Brown walipoipima fuwele yake kwa eksirei ikiwa imepozwa hadi karibu nyuzijoto 120 chini ya sifuri. Katika kalsiti, kila atomi ya kalsiamu imezungukwa na oksijeni 6, na kila moja inatoka kwenye kundi tofauti la kaboneti. Kalsiamu inashika kaboneti, kaboneti inashika kalsiamu nyingine, na wavu huo unaendelea hadi ukingoni mwa fuwele. Katika ikaiti wavu huo haupo. Kalsiamu moja imeungana na kaboneti moja tu, kwa oksijeni 2, na nafasi 6 zilizobaki kuizunguka zimejazwa na maji. Jozi moja ya kalsiamu na kaboneti haigusani na jozi nyingine. Kati yao kuna maji, na kinachoshikilia jengo zima ni vifungo vya haidrojeni, vile vile vinavyoshikilia barafu. Mimi kila nikifikia hapa huona kwamba sifa nyingine za madini haya hazihitaji tena kukaririwa, zinajieleza.

Chukua uzito. Sentimita moja ya ujazo ya kalsiti ina gramu 2.71. Ya ikaiti ina gramu 1.8 hivi, kwa kuwa imejaa molekuli nyepesi. Chukua umbo. Fuwele za kalsiti hufuata mfumo wa pembe tatu, na ndiyo maana ukiipasua inatoa vipande vya msambamba vinavyofanana. Ikaiti iko katika mfumo wa monokliniki: mihimili mitatu ya fuwele haina urefu sawa, na miwili kati yake inakutana kwa pembe isiyo mraba, nyuzi 110 hivi. Chukua ustahimilivu wa joto. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu, na kinachotegemea vifungo hivyo hakiwezi kustahimili joto linalostahimiliwa na marumaru. Ugumu wake, hata hivyo, umeandikwa kuwa 3 kwenye kipimo cha Mohs, sawa na kalsiti. Hilo huwashangaza wanaotarajia kitu chenye maji mengi kiwe laini kama sabuni, lakini barafu nayo si laini.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuiweka ikaiti kwenye orodha moja na kalsiti, aragoniti na vateriti, kana kwamba zote nne ni sura za kitu kimoja. Tatu hizo za mwisho ni ndugu kweli: fomula yao ni CaCO3 bila nyongeza, na kinachowatofautisha ni namna atomi zilivyopangwa. Ikaiti ina fomula yake. Haiwezi kugeuka kalsiti kwa kujipanga upya tu. Lazima ipoteze maji. Mwenzake wa karibu katika hilo ni monohaidrokalsiti, CaCO3·H2O, yenye molekuli moja ya maji badala ya 6. Mwaka 2019 ilitangazwa pia kaboneti ya kalsiamu yenye nusu molekuli ya maji kwa kila kalsiamu, iliyotengenezwa maabara. Kwa hiyo kuna familia mbili zinazopakana, ile kavu na ile yenye maji, na kuzichanganya ni kupoteza jambo lenyewe.

Mfumo wa Strunz, ambao wataalamu wengi wa madini huutumia, unalipa jambo hilo uzito unaostahili. Kaboneti zote ziko kwenye daraja la 5. Ndani ya daraja hilo yanaulizwa maswali mawili: je, kuna ioni hasi (chembe yenye chaji hasi ya umeme) nyingine mbali na kaboneti? Na je, kuna maji? Herufi A ni kwa zisizo na chochote kati ya hivyo, na humo ndimo kalsiti na dolomiti zilimo. B ni zenye ioni nyingine lakini hazina maji. C ni zenye maji bila ioni nyingine. D zina vyote viwili. Kaboneti za urani zimewekwa peke yake kwenye E.

Namba ya ikaiti ni 5.CB.25. Ukiisoma kutoka kushoto: 5 ni kaboneti; C ni yenye maji, bila ioni hasi nyingine; B hii ya pili, ambayo si ile ya juu, ni yenye metali ya atomi kubwa, yaani kundi la sodiamu na kalsiamu; kisha namba ya nafasi yake katika kundi hilo. Magnesiamu ina ioni ndogo, kwa hiyo neskuehoniti, MgCO3·3H2O, iko jirani kwenye 5.CA. Kwenye 5.CB hiyo hiyo ya ikaiti utakuta natroni kwenye 10, trona kwenye 15 na monohaidrokalsiti kwenye 20.

Kuna mtego mmoja hapa. Malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, ukilichoma linatoa mvuke wa maji. Mtu akiona mvuke atasema nalo lina maji. Lakini fomula yake ni Cu2CO3(OH)2, na ndani yake hakuna hata molekuli moja ya maji. Kuna haidroksili, yaani oksijeni moja na haidrojeni moja. Joto linapolivunja jiwe, haidroksili mbili zinaungana na kutoa molekuli ya maji ambayo haikuwepo kabla. Ndiyo maana malakiti iko kwenye B, na hailali kitanda kimoja na ikaiti.

Trona nayo inafundisha. Ni madini ambayo Kiswahili kinayaita magadi, na ambayo yamelala kwa tabaka nene katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Fomula yake ni Na3(CO3)(HCO3)·2H2O. Strunz anaiweka pamoja na kaboneti zenye maji, kwa sababu ya molekuli zake 2. Mfumo wa Dana, ambao nao unatumika sana, unaiondoa huko na kuiweka na kaboneti za asidi, kwa sababu ya haidrojeni iliyomo katika HCO3. Mifumo yote miwili ina hoja. Mimi naegemea kwa Strunz kwa sababu ya natroni: natroni, Na2CO3·10H2O, ni asilimia 63 maji, na katika hewa kavu inayapoteza mengi yake na kubaki unga wa themonatriti yenye molekuli moja. Ukiwa kando ya ziwa la chumvi unataka mfumo unaokuonyesha madini hayo kama majirani, maana unyevu wa hewa na joto vinaweza kukuhamisha kutoka moja kwenda jingine.

Turudi kwenye ikaiti yenyewe. Mfaransa Pelouze aliielezea mwaka 1865 kama kitu cha maabara, alichokipata kwenye maji baridi yenye sukari na chokaa. Kitu cha maabara hakihesabiwi kuwa madini mpaka kionekane kwenye maumbile, na kwa karibu miaka 100 hakikuonekana. Kisha Hans Pauly, mtaalamu wa madini kutoka Denmark, akaitangaza mwaka 1963. Aliikuta katika hori ya Ikka, mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu kusini-magharibi mwa Greenland, na jina likatoka hapo.

Chini ya maji ya hori hiyo zimesimama nguzo nyeupe kwa mamia, baadhi zikifika karibu mita 20. Zinajengwa na chemchemi zinazotokea sakafuni mwa hori. Maji ya chemchemi hizo ni baridi, yana kaboneti ya sodiamu kwa wingi, na pH yake, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ni ya juu, 10 hivi. Bahari inayoyapokea ina kalsiamu. Mahali maji hayo mawili yanapokutana, kaboneti inaishika kalsiamu na ikaiti inazaliwa, na nguzo inaweza kurefuka hadi sentimita 50 kwa mwaka. Linganisha na mawe yanayoning'inia kwenye mapango ya chokaa, ambayo kwa kawaida hayafikishi hata milimita moja kwa mwaka.

Lakini kwa nini ikaiti? Kalsiti ndiyo imara zaidi hata kwenye baridi hiyo. Kazi ya mtafiti Marland ya mwaka 1975 ilionyesha kwamba ili ikaiti iwe imara kweli inahitaji mgandamizo wa maelfu ya mara ya ule wa hewa tunayoipumua. Hata sakafu ya bahari kwenye kina cha karibu kilomita 11 haifiki huko. Mgandamizo wake ni kama mara 1,100 tu. Maana yake ni kwamba popote ikaiti ilipookotwa baharini au ziwani, ilikuwa inaishi kwa muda wa kuazima. Swali sahihi ni nani aliyeizuia kalsiti isitangulie.

Wazuiaji wanajulikana. Fosfeti, hata kwa kiasi kidogo sana, inang'ang'ania juu ya mbegu changa ya kalsiti na kuizuia isikue. Magnesiamu ya baharini inafanya kazi inayofanana. Chemchemi za Ikka zina fosfeti, na bahari ina magnesiamu. Baridi inamalizia. Kalsiamu iliyo ndani ya maji imevikwa molekuli za maji pande zote, na ili iingie kwenye kalsiti lazima izivue zote, kazi ambayo kwenye baridi inakwenda polepole. Ikaiti inaipokea kalsiamu ikiwa bado imevaa. Tena wakati kalsiti huyeyuka ndani ya maji kwa urahisi zaidi kadiri maji yanavyopoa, ikaiti ni kinyume: maji yakipoa, inajitenga kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana ikaiti nyingi za asili zimepatikana kati ya nyuzijoto 2 chini ya sifuri na 7 juu yake. Kwenye Ziwa Mono, California, hutokea majira ya baridi. Mwaka 1999 watafiti walieleza kwamba madoa meupe kwenye maganda ya kamba waliogandishwa ni ikaiti, iliyojitengeneza kwenye friza kutokana na kalsiamu ya ganda lenyewe.

Mashapo ya baharini yana njia yake. Mabaki ya viumbe yanaoza bila oksijeni, yanatoa bikaboneti na fosfeti kwa pamoja, yaani kijenzi na mzuiaji wa kalsiti. Mwaka 1982 mtafiti Erwin Suess na wenzake walitangaza fuwele za ikaiti zilizotolewa kwenye matope yenye mabaki mengi ya viumbe katika mlangobahari wa Bransfield, Antaktika. Tangazo hilo lilifumbua fumbo la zaidi ya miaka 100.

Tangu karne ya 19 wanajiolojia walikuwa wakiokota vitu vya ajabu katika miamba na mashapo: fuwele zenye ncha kali, mara nyingine zimekusanyika kama mgongo wa nungunungu, zenye umbo lisilofanana kabisa na kalsiti. Ukizivunja, ndani ni chembe za kalsiti tupu. Kila mahali palizipa jina. Australia ziliitwa glendoniti, kutoka Glendon katika jimbo la New South Wales. Kaskazini mwa Uingereza ni jarowiti, kutoka Jarrow. Mwanajiolojia Clarence King, alipoyaeleza maziwa ya kale ya Nevada mwaka 1878, aliyaita ya huko thinoliti. Kila mtu aliona kwamba umbo limeazimwa kutoka kwa madini mengine yaliyokwisha kutoweka, lakini yapi? Wengine walitaja gailusiti, wengine glauberiti, wengine jasi. Hakuna aliyeweza kutaja ikaiti kwa sababu haikuwa imejulikana, na ilipojulikana ilionekana kuwa kitu cha hori moja tu ya Greenland.

Glendoniti yenyewe, basi, haina namba kwenye mfumo wa Strunz. Kimadini ni kalsiti, 5.A. Jina lake ni la umbo, na umbo hilo lina hesabu yake. Gramu 208 za ikaiti zinachukua sentimita za ujazo 116 hivi. Kalsiti inayobaki baada ya maji kuondoka ni gramu 100, na inahitaji sentimita 37 tu. Imebaki chini kidogo ya theluthi moja. Hicho ndicho kinachoonekana ukikata glendoniti na kuisugua mpaka iwe utando unaopitisha mwanga chini ya darubini: chembe za kalsiti zimetawanyika, na kati yake kuna mapengo, au simenti ya kalsiti ya baadaye yenye rangi tofauti. Kama mashapo yaliyoizunguka hayakuwa yameshikana vya kutosha kulinda umbo wakati maji yanatoka, hakuna kinachobaki isipokuwa unga, na pengine glendoniti nyingi zimepotea hivyo.

Wanaosoma hali ya hewa ya kale walizifurahia glendoniti kwa sababu ya wazi. Ukiikuta moja katika mwamba, umekuta bahari iliyokuwa karibu na kuganda. Baadaye maabara ilileta shaka: majaribio yalionyesha kwamba ikaiti inaweza kuanza kuundwa hata kwenye nyuzijoto 35, ikiwa kemia ya maji inaibana kalsiti vya kutosha. Kwa maoni yangu shaka hiyo inastahili kuheshimiwa, lakini haifuti ushahidi. Kuanza kuundwa kwenye chupa ni jambo moja. Kukua hadi fuwele ya sentimita kadhaa na kudumu ndani ya matope ni jambo jingine. Ushahidi wa nje unasaidia pia. Glendoniti za Denmark za zama za Eosini, wakati ambao dunia kwa jumla ilikuwa na joto kubwa, zilipopimwa kwa isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za kaboneti yenyewe, zilitoa nyuzijoto chini ya 5. Hapo kipimajoto cha umbo kilithibitishwa na kipimajoto kingine kisichokitegemea.

Mahali pengine ilipogunduliwa karibuni ni barafu ya baharini: Antaktika mwaka 2008, kisha Aktiki. Maji ya bahari yanapoganda, chumvi hailali ndani ya barafu; inasukumwa kwenye vijia vyembamba vya majichumvi makali. Humo ikaiti hujitenga, na kila kaboneti moja ya fuwele inapoundwa kutoka kwa bikaboneti, molekuli moja ya kabonidioksidi huachwa kwenye majichumvi. Majichumvi hayo mazito yakizama yanaichukua gesi hiyo kwenda chini, huku fuwele zikibaki juu. Barafu ikiyeyuka, fuwele zinayeyuka ndani ya maji ya juu na kuyafanya yavute kabonidioksidi kutoka hewani. Ni kiasi gani kinapita njia hiyo kwa mwaka kunategemea fuwele ngapi zinabaki ndani ya barafu mpaka wakati wa kuyeyuka, na kuzihesabu si kazi nyepesi. Kipande cha barafu kinayeyushwa polepole kwenye jokofu, maji yanamwagwa mara tu yanapotoka, na fuwele zinakusanywa zikiwa bado karibu na sifuri. Nyingi ni ndogo kuliko milimita moja, hazina rangi, zina pembe kama almasi iliyobapa. Anayeziangalia kwenye darubini anahesabu haraka, kwa sababu joto la taa ya darubini linatosha kuzigeuza nyeupe.